Kelele za usiku nje ya dirisha lako: utoke uongee nao, uwatafute majirani, uripoti, au uzibe dirisha?

Saa nane usiku, ushageuza mto mara ya tano. Nje kuna watu wanne watano wamekaa kwenye ule ukuta mfupi chini ya dirisha lako, mmoja anacheka mtaa mzima unasikia, mwingine ana kaspika kadogo kanapiga besi, chupa inadondoka inavunjika, halafu kimya kama dakika mbili hivi, unaanza kusinzia, wanaanza tena. Na saa kumi na mbili asubuhi lazima uwe umeamka. Nimeishi hivo karibu mwaka mzima, na kilichoninyima usingizi zaidi kilikuwa kule kungoja, maana hata usiku ambao hawakuja nilikuwa nalala masikio wima nikisubiri sauti ya kwanza.

Ukimuuliza mtu ufanye nini utapewa majibu manne tofauti, na kila anayekupa jibu anaapa lake ndo lenyewe. Toka ukaongee nao. Unganeni majirani. Piga simu polisi. Nunua vizibo vya masikio ulale. Kila moja kati ya hizo nimeona ikimsaidia mtu, na kila moja nimeona ikimponza mwingine, kwa hiyo hebu tuziweke pamoja tuzipime kwa mizani moja.

Ila kabla ya hapo kuna mambo mawili ambayo watu wanayachanganya, hata mimi niliyachanganya miezi mingi. Kuna usingizi wako wa leo, na kuna kelele zenyewe kuisha. Njia inayokupa usingizi leo kwa kawaida haiwaondoi hao watu, na njia inayoweza kuwaondoa haikupi usingizi leo. Mimi nilikuwa natafuta njia moja ifanye yote mawili kwa mkupuo, ndo maana kila nilichojaribu nilikiacha katikati nikisema hakifanyi kazi.

Kwanza jua unasikia nini

Kuna watu wanapiga stori tu, hawana habari kwamba sauti inaingia ndani kwako, usiku kukiwa kimya sauti ya kawaida inasikika mbali kuliko mchana. Kuna wanaojua kabisa wanasumbua na hawajali, wanatukana wapita njia, wanajisaidia ukutani, wanapiga teke mageti. Halafu kuna hatari yenyewe: ugomvi, silaha, mtu anavunja gari, mtu anapiga yowe la kuomba msaada. Hii ya tatu haimo kwenye ulinganisho huu, hapo unapiga namba ya dharura saa hiyo hiyo na hutoki nje. Na ukisikia mtu mmoja analia au anaongea peke yake kila usiku tafadhali usimhesabu kama kelele, huyo huenda anaumwa au hana pa kulala na anahitaji mtu wa afya au wa ustawi wa jamii.

Na usikubali mtu akwambie una nongwa. Shirika la Afya Duniani mwaka 1999 lilitoa mwongozo kwamba ndani ya chumba cha kulala kelele ya mfululizo isizidi desibeli 30 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti), na kelele ya ghafla, kama kicheko au mlango kubamizwa, isizidi desibeli 45. Sasa piga hesabu. Mtu anayepaza sauti anafika kama desibeli 80 ukiwa mita moja kutoka kwake, na sauti ikiwa nje inapungua kama desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili, kwa hiyo akiwa mita nne kutoka dirishani kwako inakufikia 68 hivi. Dirisha lililofunguliwa kidogo linapunguza kama 10 hadi 15 tu. Umebaki na zaidi ya 50 kitandani. Hapo usingizi lazima ukatike.

Vigezo

Nimevipima kwa maswali haya haya kila njia: ni salama kiasi gani kwako na walio ndani, inaleta nafuu haraka au inachukua wiki, inakula nini (pesa, muda, nguvu za moyo), inagusa chanzo au inakukinga tu, na inaacha nini nyuma, yaani kesho ukikutana nao au na jirani mtatazamana vipi.

Njia ya 1: Kuongea nao mwenyewe

Usalama. Hapa ndo pa kufikiri sana. Saa nane usiku, wewe umeamka na hasira, wao wamekunywa, wako watano wewe uko peke yako, hizo ni dalili mbaya zote kwa pamoja. Mtu aliyelewa anaweza kuona hata uso wa kawaida kama uchokozi, na kijana akiwa mbele ya wenzake hawezi kurudi nyuma hata kama moyoni anajua umesema kweli, akikubali kirahisi ataonekana amenyenyekea. Usiende kwa kufoka kupitia dirishani pia, kwanza unajitambulisha ni dirisha lipi, pili unawapa mchezo.

Ila muda ukibadilika mambo nayo yanabadilika kabisa. Mimi kilichosaidia ni kuwakuta saa moja jioni, bado wana akili zao, bado wako wawili tu. Nikasalimia, wadogo zangu habari za leo, nikakaa hata dakika mbili bila kutaja shida, halafu nikasema kile chumba pale juu ndo nalala mimi, nikifika saa tano usiku sauti zenu nazisikia kama mko ndani, naomba mkichelewa msogee kule mwisho mbali na madirisha. Mmoja akasema kumbe inasikika? Hakuwa anadanganya, uso wake ulionyesha. Sikuwaambia waondoke. Mtu akiambiwa aondoke anauliza kwani hapa ni kwako, lakini akiambiwa asogee kule anaweza kukubali bila kupoteza heshima.

Kasi. Ikishika, inashika usiku huo huo. Kwangu ilishika wiki mbili, kisha wakaja wengine wasionijua.

Gharama ni moyo tu, ila usiudharau, kuna watu kutetemeka kwake ni siku nzima kabla na siku nzima baada.

Chanzo inakigusa moja kwa moja. Kinachobaki nyuma kinategemea ulivyoingia: ukiingia kwa heshima unapata watu wanaokusalimia, hata usalama wa geti lako unaongezeka, ukiingia kwa matusi unapata watu wanaokuja makusudi.

Inamfaa nani: anayejua sura zao au wazazi wao, na kelele zenyewe ni za stori tu. Haimfai anayeishi peke yake na kuna vitisho, na haimfai kabisa mtu ambaye hasira zake anazijua mwenyewe hazishikiki.

Njia ya 2: Majirani, mwenye nyumba, viongozi wa eneo

Usalama uko juu kwa sababu hakuna anayejua nani alianza. Barua au ujumbe wa nyumba sita hauna dirisha moja la kulengwa.

Kasi ni ndogo, tena inachosha. Jirani wa kwanza atasema hata mimi silali, wa pili atasema mimi nalala chumba cha nyuma sijawahi kusikia, wa tatu kumbe mmoja wa hao vijana ni mtoto wa dada yake. Hesabu wiki tatu nne kabla ya lolote kuonekana, na msianze kwa kikao kikubwa, anza na majirani wawili ambao madirisha yao yanatazama upande huo huo, mkikubaliana ndo muwafuate wengine.

Gharama: muda, na uvumilivu kwenye grupu la meseji ambalo kila mtu anaandika na hakuna anayefanya. Mpeni mtu mmoja kazi moja.

Chanzo inaweza kukigusa kuliko njia nyingine zote, kwa sababu majirani mkiwa pamoja mnaweza kubadilisha sehemu yenyewe. Watu hawakai popote tu, wanakaa penye ukuta wa kuegemea, penye giza au kivuli, pasipo na mtu anayepita, karibu na sehemu ya kuchaji au intaneti ya bure inayovuja kutoka kwa mtu. Taa inayowaka mtu akisogea, ile benchi ikihamishwa, neno la siri la intaneti likibadilishwa, mwenye biashara jirani akikubali kufunga geti la maegesho saa nne usiku, hivyo vitu vidogo vinafanya kazi bila ugomvi na mtu. Angalizo kwenye taa, ikiwa kali na imeelekea vyumbani mmehamisha tatizo kwa jirani mwingine, na mahali pengine mwanga mwingi unawavuta zaidi, kwa hiyo jaribuni wiki moja kwanza kabla ya kufunga ya kudumu.

Hapo hapo niseme kuhusu vile vifaa vya kutoa mlio mwembamba wa kama kilohezi 17 ambao vijana wanausikia na watu wazima wengi hawausikii. Vinauzwa kama dawa ya vijana wanaokaa vijiweni. Mimi siviungi mkono hata kidogo, mtoto mchanga wa jirani anausikia mlio ule ule na hawezi kusema kinachomuumiza, na mwaka 2010 Bunge la Baraza la Ulaya lilitaka vipigwe marufuku katika maeneo ya umma.

Kinachobaki nyuma kwa kawaida ni kizuri, mnajuana. Inamfaa anayeishi sehemu yenye majirani wa kudumu, haimfai sana aliye kwenye jengo ambalo wapangaji wanabadilika kila miezi miwili.

Njia ya 3: Kuripoti

Usalama wako ni mzuri ukiripoti bila kujionyesha. Ukipiga simu, sema mapema kwamba hutaki askari waje kugonga mlango wako kwanza, maana hilo nimeliona likitokea kwa jirani na kundi zima likajua nani kapiga.

Kasi inakatisha tamaa. Kelele zinawekwa nyuma ya wizi na ajali, na hilo linaeleweka, usiku wenye matukio mengi gari linaenda kwenye damu kwanza. Wakifika nao kundi limeshanyamaza. Ndo maana simu moja haina uzito lakini simu kumi na mbili kutoka nyumba nne, zote zinasema Ijumaa na Jumamosi kati ya saa sita na saa tisa usiku, hapo mtu wa kupanga doria anaona mpangilio.

Gharama yake kubwa ni kuandika. Weka daftari kwa wiki mbili tatu: tarehe, ilianza saa ngapi ikaisha saa ngapi, nini hasa (muziki, kufoka, kuvunja vitu), watu kama wangapi, na ikakufanya nini, mtoto aliamka, ulichelewa kazini. Andika usiku ule ule, sio Jumapili unakumbuka wiki nzima, na usiongeze chumvi, daftari lenye siku mbili zilizoandikwa "leo kimya" linaaminika zaidi. Programu za simu za kupima desibeli zinasaidia kuonyesha tofauti kati ya usiku wa kimya na usiku wa fujo, ila simu haijasanifishwa kama kipimo rasmi kwa hiyo usiende nayo kama ndo ushahidi wote. Rekodi sauti ukiwa ndani kwako, chumbani, maana pale ndipo unapoumia. Kuwapiga picha watu sura zao ni jambo jingine, sheria zinatofautiana, na kuzirusha mtandaoni kunaweza kukugeuza wewe kuwa mkosaji, tena wengine ni watoto chini ya miaka 18.

Na kila ukiripoti omba namba ya ripoti. Bila namba ile, ukirudi wiki ijayo unaanza moja.

Chanzo inakigusa kwa nguvu lakini sio kila mara kwa kudumu, doria ikipungua wanarudi. Nyuma inaweza kuacha uchungu, hasa kama kijana alichukuliwa kwa jambo ambalo mzazi wake angelimaliza kwa neno moja. Inamfaa mtu mwenye watu wasiosikia neno, penye vitisho, uharibifu au biashara ya madawa mlangoni. Kama ni mahali fulani panapotoa kelele, baa au ukumbi, hapo kuripoti kuna meno zaidi maana wana leseni ya kuilinda, ongea kwanza na ofisi inayotoa leseni badala ya kuhangaika na mlevi mmoja mmoja.

Njia ya 4: Kujikinga ndani

Usalama, hakuna ubishi, ni juu kabisa. Ila uking'oa sauti zote unakosa pia kengele ya moto na mtoto anayelia, kwa hiyo kama una mdogo ndani, vaa kizibo sikio moja au pokezaneni na mwenzio.

Kasi: leo. Vizibo vya sponji vikivaliwa sawasawa vinapunguza sana, shida wengi wanavivaa vibaya kisha wanasema havifai. Kiviringishe kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kishike sekunde 30 kivimbe ndani. Kama sikio linauma au linatoa maji usivae kabisa. Sauti ya kufunika kama feni au mvua iliyorekodiwa inasaidia kwa sababu kinachoamsha ni ule mruko kutoka kimya hadi kicheko, ukiinua kimya kidogo mruko unapungua, ila iwe sauti ya chini, usijitengenezee kelele nyingine.

Halafu hama chumba kabla hujanunua chochote. Kitanda upande wa pili wa nyumba kinaweza kukupa tofauti ya desibeli 10 au zaidi, na desibeli 10 sikio linazisikia kama sauti imepungua nusu. Ni bure. Mimi nilikuja kufanya hivyo mwezi wa saba, na bado inaniuma kwamba niliacha familia ihangaike muda wote huo kwa sababu tu chumba kile ndo tulikizoea.

Pesa zinaanza kwenye dirisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye sauti hilo ni kweli kabisa: dirisha likiwa na uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake, hata kioo kiwe kinene vipi haliwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20, sauti inapita kwenye ule uwazi. Kwa hiyo mpira wa kuziba kingo kwanza, kioo baadaye. Ukifika kwenye kioo, cha pili kikiwekwa mbali kidogo na cha kwanza, sentimita 10 au zaidi, kinazuia vizuri kuliko viwili vilivyobanana. Na zile sponji zenye vinundu watu wanabandika ukutani hazizuii kelele kuingia, zinapunguza mwangwi wa ndani tu, kinachozuia sauti ni uzito. Mapazia mazito nayo yanasaidia kidogo kwenye sauti nyembamba, besi inapita kama hayapo. Ukifunga kila kitu kumbuka hewa, chumba kisichopitisha hewa kwenye joto nacho hakilaliki.

Chanzo haikigusi kabisa. Nje mambo yapo vile vile, na kama kuna mtu anatishiwa huko wewe husikii, hilo lilikuwa linanisumbua. Mahusiano hayaguswi, si kwa uzuri si kwa ubaya. Inamfaa mpangaji wa muda mfupi, mfanyakazi wa zamu, mgonjwa, mama mwenye kichanga, yeyote ambaye usingizi wa leo hauwezi kusubiri kikao.

Sasa wewe uko wapi

Kama zimeanza juzi na ni stori tu, anza na 4 usiku huu na 1 kesho jioni kukiwa bado kuna mwanga. Usiandike barua rasmi kwa jambo la siku mbili.

Kama ni wale wale kila wikiendi na ulishaongea nao wakakucheka, usirudi mara ya pili peke yako. Fungua daftari leo, tafuta majirani wawili, wiki ya tatu mripoti pamoja. Chumba hamisha sasa hivi usingoje matokeo.

Kama unaogopa, na namaanisha unazima taa ili wasijue uko ndani, basi 1 ifute kabisa. Ripoti, mwambie mtu mmoja unayemwamini kila usiku inapotokea, na usione aibu kwenda kulala kwa ndugu siku mbili tatu upate akili.

Kama umepanga na mkataba unaisha karibuni, usitumie pesa kwenye vioo vya mwenye nyumba bila kukubaliana naye kwa maandishi. Mpe nakala ya daftari, muulize atafanya nini kabla ya tarehe fulani, na ukianza kutafuta nyumba nyingine nenda ukaione usiku wa Ijumaa, simama chini ya lile dirisha la chumba cha kulala angalau nusu saa.

Na kama wewe ndo mwenye kijana anayekaa huko nje, mfuate leo kabla jirani hajachoka. Muoneshe dirisha ni lipi, mwambie nani analala nyuma yake.